Re: Manasi Joshi alikuwa bingwa wa dunia, mbona hakwenda Tokyo?

Ndugu, umeuliza swali zuri, na jibu lake linaniuma mpaka leo. Hakuachwa kwa sababu ya kiwango. Manasi, Mhindi anayecheza mpira wa vinyoya wa watu wenye ulemavu, yuko daraja la SL3, la wachezaji wanaosimama lakini wenye ulemavu mkubwa wa miguu, na mpira wa vinyoya ulipoingia Paralimpiki (michezo ya Olimpiki ya watu wenye ulemavu) kwa mara ya kwanza kule Tokyo, singo (mmoja dhidi ya mmoja) ya wanawake wa SL3 haikuwekwa kwenye ratiba. Basi. Bingwa yupo, mchezo wake haupo. Paris 2024 waliuweka, akaenda, ingawa alitolewa hatua ya makundi.

Uliuliza pia kama alianza kucheza baada ya ajali iliyompotezea mguu; hapana. Raketi aliishika tangu utotoni, akicheza na baba yake. Desemba 2011, akiwa mhandisi wa programu za kompyuta, lori lilimgonga Mumbai akiwa kwenye skuta, akakatwa mguu wa kushoto. Mwaka 2018 alihamia akademi ya mpira wa vinyoya ya Gopichand, Hyderabad, na Agosti 2019 akatwaa dhahabu ya dunia Basel kwa kumfunga Mhindi mwenzake, Parul Parmar, aliyekuwa akitamba kwa miaka mingi.

Itafute fainali ile uitazame. Singo ya SL3 huchezwa nusu ya upana wa uwanja, kwa hiyo kinyoya kinapelekwa mbele na nyuma tu. Angalia anavyorudi kinyumenyume kwa mguu bandia, anasimama imara, ndipo anapiga. Hapo ndipo utaona kazi yote aliyoifanya Hyderabad.