Pasikii imegoma kufungua waleti? Usifute kitu kwanza

Ijumaa ile mteja alikuwa keshatuma hela, meseji nimeiona kabisa, dola 140 za kudizaini jalada la kitabu, na Jumatatu mwenye nyumba wangu wa Nkuhungu anataka kodi. Nafungua waleti, ile apu ninayopokelea hela, nabonyeza kuingia kwa pasikii kama siku zote, simu inaniambia hakuna pasikii kwenye kifaa hiki. Hakuna! Na asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeingia vizuri tu.

Nilichofanya baada ya hapo ndo sababu ya kuandika hii, maana nilikosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa. Nikaiondoa apu nikaipakua upya, bando likaisha, nikaunga lingine, ikagoma vilevile. Nikaona labda simu imejaa, nikafuta picha, nikatoa na ile imeili yangu ya zamani ya enzi za chuo ambayo niliamini haina kazi tena. Kumbe ile imeili ndo ilikuwa imebeba ufunguo wangu, na mi nimeitoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ngoja nieleze kidogo pasikii ni nini maana bila hilo utahangaika kama mi. Ni ile kitu inayokaa badala ya paswedi, unaweka kidole au patani yako ya simu unakuwa umeingia. Google walianza kuileta kwenye Android na Chrome mwishoni mwa 2022, akaunti zenyewe za Google zikapata Mei 2023, na siku hizi waleti kibao ukifungua tu inakuomba utengeneze. Ukitengeneza zinazaliwa funguo mbili, moja inabaki kwa wenye waleti na hiyo hata ikiibiwa haimsaidii mwizi, nyingine ya siri inakaa kwako. Sasa kwako ni wapi? Watu wengi tunadhani iko ndani ya apu. Haipo huko. Kwenye Android kwa kawaida inakaa kwenye hifadhi ya paswedi za akaunti yako ya Google, kwenye iPhone inakaa iCloud, kwa hiyo ukiiondoa apu na kuirudisha mara kumi hujagusa tatizo hata kidogo, umemaliza bando tu.

Na kidole chenyewe hakiendi popote. Nasema hili kwa sababu tulisajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019 na kitambulisho cha NIDA, basi mtu akisikia weka kidole anajua kidole kimesafiri. Mama mmoja tunasali naye aligoma kabisa kwa sababu hiyo. Kwenye pasikii kidole kinaifungulia simu yako kabati, simu inatoa ufunguo, inajibu swali la waleti, basi. Kidole kinabaki humohumo kwenye simu.

Turudi kwangu. Mchana wa Ijumaa hiyo nilikuwa nimepeleka simu kwa fundi mjini kubadilisha kioo, na fundi kama mafundi wote akasema toa loki kaka nisije nikakusumbua wakati wa kujaribu tachi. Nikatoa, nikaenda zangu kula wali maharage, nikarudi nikachukua simu inang'aa, sikukumbuka kurudisha loki. Hapo ndo pasikii ilipolala. Simu isiyo na loki hairuhusiwi kutumia pasikii, na ukiangalia ina maana, sasa itajuaje aliyeshika simu ni wewe? Ningerudisha loki tu palepale huenda hadithi ingeishia hapo. Lakini mi nikaenda kufuta imeili.

Halafu kuna kitu cha pili fundi aliniachia bila kujua, betri ilitolewa muda mrefu na saa ya simu ikarudi nyuma miaka kadhaa, na mi nilikuwa nimezima ile ya kujiweka yenyewe kwa mtandao. Tarehe ikiwa ya uongo, apu za hela haziunganishi vizuri na seva, zinakupa ujumbe wa ajabuajabu ambao haukwambii kabisa kwamba shida ni saa. Dakika ishirini nzima nililaumu mtandao. Kwa hiyo ukitoka kwa fundi, cheki saa na cheki loki kabla hujapanda boda.

Iliyonitoa ilikuwa hivi. Nikarudisha loki, nikaweka patani ileile ya zamani, nikasahihisha saa, nikaingia kwenye setingi za Google sehemu ya paswedi nikatafuta jina la waleti. Kwenye imeili yangu mpya hakuna kitu. Hapo ndo akili ikarudi, nikaiingiza tena ile imeili ya chuo. Google wakataka niwathibitishie kwa patani niliyokuwa naitumia mwanzo, nikashukuru Mungu sijabadilisha, maana usipoikumbuka huwezi kuzifungua na ukikisia hovyo kuna kikomo. Ikakubali. Nikaangalia tena, waleti hiyo hapo imekaa. Nikafungua apu, ikaniletea pasikii ya imeili ya chuo, nikaweka dole, nikaingia. Saa tano usiku hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza pasikii ikigoma ni moja tu, ufunguo wangu niliuhifadhi kwenye akaunti gani? Kama una imeili mbili tatu kwenye simu, zipitie zote kabla hujafuta chochote. Na usiifute hiyo pasikii ukidhani utatengeneza nyingine, maana ili utengeneze nyingine lazima kwanza uwe umeingia ndani, na huku nje wenye waleti bado wanausubiri ule ufunguo ulioutupa.

Baada ya kuwasimulia watu nikageuka fundi wa bure. Shangazi yangu analima zabibu Hombolo, vidole vimekwisha kwa jembe na vumbi la kiangazi hiki chetu, simu haimsomi hata akinawa. Yeye alijua waleti imemkataa. Nikamwonyesha, ukishindwa kidole pale chini kuna sehemu ya kutumia namba ya siri ya simu, ile ya kufungulia skrini, pasikii inakubali hiyohiyo. Akanitukana kidogo kwa Kigogo kwamba kwa nini sikumwambia tangu mwaka jana.

Mdogo wangu wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, yeye alitaka kuingia kwenye waleti kupitia kompyuta ya steshenari, kile kimchoro cha QR kinatokea, anaskani na simu, inazunguka weee mpaka inakata. Hapo shida karibu kila mara ni Bluetooth, lazima iwashwe simu na kompyuta zote mbili, kwa sababu ndo inayothibitisha kwamba simu iko karibu na hiyo kompyuta na sio mtu yuko mbali kakutumia picha ya QR. Kompyuta ya mezani ya zamani haina Bluetooth kabisa, basi usihangaike, tumia simu. Na ikikuuliza kama uhifadhi pasikii kwenye kompyuta hiyo ya steshenari, kataa jamani.

Android iliyo chini ya toleo la 9 au iPhone iliyo chini ya iOS 16 usitegemee kitu. Ukibonyeza linki ndani ya apu za mitandao ya kijamii inafungukia humohumo ndani, mara nyingi pasikii haitokei, bonyeza vidoti vitatu ufungue kwa Chrome.

Ila hapa kuna jambo nataka ulisikie vizuri. Pasikii imefungwa kwenye anwani ya tovuti iliyoitengeneza. Mtu akikutengenezea ukurasa unaofanana na wa waleti yako mpaka rangi, akabadilisha herufi moja kwenye anwani, pasikii haitatokea, hata ujaribu mpaka kesho. Sisi tunaona imeharibika kumbe inatulinda. Kwa hiyo ikigoma kwenye linki uliyotumiwa na mtu anayejiita huduma kwa wateja, soma anwani herufi kwa herufi, na akikwambia achana na pasikii nitajie namba iliyokuja kwenye meseji, huyo ni ndugu yake na wale wa ile hela tuma kwenye namba hii. Namba yake itume 15040, ndo namba ya kuripotia matapeli hapa Tanzania.

Suala la laini nalo, maana ukikwama kabisa waleti nyingi zinakutumia namba kwa meseji. Mi yangu ilikuwa kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba aliye Singida, laini ikipotea kuirudisha wanataka kidole chake, sio changu. Piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako, kisha nenda kwenye waleti ubadilishe namba ukiwa bado unaingia. Na kama waleti yako ni ya kripto hili ni zito zaidi, kuna zile ambazo pasikii ndo ufunguo wa mali yenyewe, ukiipoteza na hukuweka njia nyingine ya kurudia hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Mi sasa hivi nina pasikii mbili, ya simu na ya laptopu ya mke wangu, na zile namba za siri za dharura za kuingilia ukikwama nimeziandika kwenye kaunta buku lililokaa na karatasi za kiwanja. Wiki iliyopita nilirudi kwa fundi yuleyule, safari hii sehemu ya chaji, akanyoosha mkono, "Kaka patani?" Nikamwambia sehemu ya chaji haihitaji patani. Akacheka, akachukua bisibisi.