Lori likichemsha, usikimbilie kufungua hedi

Nawaandikia vijana mnaoanza gereji, na nyinyi wenye lori moja mnalolilaza uani. Lori likianza kuchemsha, mtu wa kwanza kulitazama atasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku, imeungua. Huenda ni kweli. Lakini kufungua hedi ni gasketi mpya, ni pesa ya mashine ya kusawazisha, ni gari kulala bila mzigo, na likifungwa mara nyingine linachemsha vilevile. Vipimo vingi vya kumjua mchawi havihitaji hata spana.

Anza kwa dereva: linachemsha wapi? Kama ni kwenye foleni, na likipata mwendo mshale wa joto unashuka, shida iko upande wa feni. Kama tambarare linakwenda vizuri lakini likitoka Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda mlima Kitonga na mzigo linachemka, shuku rejeta iliyoziba, maji yasiyozunguka vizuri, au gesi inayoingia kwenye maji. Shika na vikombe vya magurudumu baada ya safari, ujue kama kuna kilichopata moto kuliko vingine. Breki inayobana hulemea injini, na fundi wa injini hatafuti huko kabisa. Muulize na utingo. Dereva husita kusema aliendelea kukanyaga mafuta mshale ukiwa kwenye nyekundu. Utingo husema.

Geji ya joto nayo usiiamini moja kwa moja. Sensa yake husoma maji; maji yakipungua ikabaki hewani, mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima, simama ukague.

Kazi yenyewe ifanye asubuhi, injini imepoa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, na maji baridi hayamwagwi kwenye injini iliyochemka: hedi hupasuka. Ukishafungua mfuniko, ukague huo huo kwanza. Mingi imeandikwa 0.9 au 1.1, ndiyo nguvu inayozuia maji yasichemke mapema. Pwani maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100, Iringa ni kama 95, na mfuniko mzima wa 0.9 huyafikisha karibu 118 kwa kule pwani. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, lori litatema maji mlimani na utaapa ni gasketi. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ninavyovitaja hapa, na ndicho watu hubadilisha mwisho.

Feni: zima gari, toa ufunguo, izungushe kwa mkono. Yenye klachi, yaani kile kitovu kinachoishika feni izunguke na injini, inatakiwa kuwa nzito kidogo. Ikizunguka hovyo kama haina kitu, au kuna alama ya mafuta meusi katikati yake, klachi imekufa. Tazama pia mkanda. Kisha chungulia kati ya rejeta na intakula (ile inayopoza hewa ya tabo) kwa tochi. Huko hujaa vumbi, nyasi na wadudu wakati uso wa mbele unang'aa. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, maji yasiwe ya nguvu, mapezi yasilale.

Themostati ni vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto; nyingi za Bongo zimetolewa zikatupwa, eti gari ipoe. Kwenye injini nyingi za lori themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye bloku. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na maji mengine hayafiki kwenye rejeta kamwe. Ipime kwenye sufuria ya maji na kipimajoto: namba iliyochongwa juu yake, mara nyingi 82, ndipo inapoanza kufunguka. Isipofunguka, nunua nyingine.

Sasa viputo, mahali ambapo hedi nyingi hufunguliwa bure. Jaza maji hadi shingoni, mfuniko nje, washa injini ya baridi. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyonasa, vitakwisha. Vikiendelea bila kukoma, watu hukimbilia boksi la spana. Subiri. Lori lenye breki za upepo lina kompresa, pampu ya kujaza upepo, na kichwa cha kompresa hupozwa na maji yaleyale ya injini. Gasketi yake ndogo ikivuja, upepo unaingia kwenye maji, na dalili zote zinafanana na za gasketi ya hedi: maji yanatemwa, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu gari ikiwa bado baridi.

Kuzitofautisha ni hivi. Weka kizuizi kwenye magurudumu, gia huru. Zima, toa upepo wote kwenye matenki, kisha washa tena na mtu mmoja atazame rejeta, mwingine geji ya upepo. Upepo unapopanda, kompresa inafanya kazi. Govana, kifaa kinachoipumzisha kompresa matenki yakijaa, ikikata na ukasikia ule mlio wa kutema, angalia maji. Viputo vikipungua au kukoma, kanyaga breki mara kadhaa hadi kompresa irudi kazini. Vikirudi navyo, umempata. Kuthibitisha, zima injini ipoe, toa mipira miwili ya maji ya kompresa, iunganishe yenyewe kwa yenyewe, washa kwa dakika chache tu. Na ukifungua koki ya tenki la upepo yakatoka maji yenye rangi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), huna haja ya ushahidi mwingine.

Viputo vikiendelea huku kompresa imetengwa, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo fungua hedi. Ipime usawa kwa rula ya chuma na filagej (vibapa vya kupimia mwanya) kabla ya kuipeleka mashineni, na tazama kwa nje silivu za injini, zile ambamo pistoni hutembea: injini iliyoendeshwa miaka kwa maji ya bomba bila kulanti huwa na vishimo vidogo ubavuni, na kuna siku kimoja hutoboka hadi ndani. Gasketi mpya haitaziba hicho.