Mama anataka kurudi kwao, naye yumo nyumbani

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 76 na amegunduliwa kuwa na demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mchana hutulia, lakini kila jioni hufunga vitenge vyake, husimama mlangoni na kusema kwamba anakwenda kwao, baba yake anamngoja. Baba yake alishafariki. Nikimwambia ukweli, analia. Nifanye nini? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Pole sana, dada. Acha kumwambia kila jioni kwamba baba amekufa. Ugonjwa huu kwa kawaida hula kwanza kumbukumbu za karibuni, na za ujanani hudumu zaidi. Kwa hiyo mama hupokea msiba huo kama habari mpya, kisha huisahau, lakini huzuni yake humbakia moyoni. Anaposema “kwetu”, mara nyingi anatafuta usalama kuliko nyumba fulani. Shika naye lile fundo la vitenge, umwombe akusimulie baba alipenda kula nini, halafu mketi kuchambua maharage. Mikono ikipata kazi iliyoizoea, akili nayo hutulia. Huko si kumdanganya; ni kumfuata mahali alipo.

Kuhusu jioni, kwetu Bukavu giza huingia mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima, na umeme ukikatika vivuli vya ukutani vinaweza kumtisha. Washa taa mapema, zima redio, na asubuhi tembea naye ili asilale mchana kutwa.

Hata hivyo, vurugu ya akili ikimzidi ghafla, kwa saa au siku chache, usiseme ni demensia tu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa maana malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji mwilini huweza kuileta. Beba dawa zote anazotumia, hata zile za mafua na za usingizi mlizonunua wenyewe, kwa kuwa prometazini na diazepamu, kwa mfano, huwachanganya wazee.

Jambo moja linaniuma: wazee wa namna hii huitwa wachawi. Waeleze majirani waziwazi kwamba ni ugonjwa wa ubongo, na uwaombe kwamba wakimwona njiani na fundo lake wasibishane naye, bali watembee naye kidogo, kisha wamrudishe kwako taratibu.