Kabla Hujawasha Taa: Kwa Unayeanza Kazi ya Kuvunja Maji kwa Mwanga

Karibu, mdogo wangu. Najua umekuja na daftari lenye hesabu, na karibu kila anayeanza huja na hii: kung'oa haidrojeni moja kwenye molekuli ya maji kunahitaji elektronivolti 5.1 (elektronivolti ni kipimo cha nishati), gawa 1240, namba inayogeuza nishati kuwa urefu wa wimbi, kwa 5.1, unapata nanomita 243. Basi taa yoyote ya urujuanimno yenye wimbi fupi kuliko hapo itavunja maji. Hesabu ni sahihi. Hitimisho ndilo bovu.

Chukua taa ya nanomita 222, zile za kuua vijidudu hewani. Fotoni yake, yaani chembe moja ya mwanga wake, ina elektronivolti 5.6, imezidi kinachotakiwa. Imulike kwenye mvuke wa maji kutwa nzima, mwanga utapita tu. Mvuke huanza kumeza mwanga wa maana karibu na nanomita 190, kilele chake kiko karibu na 165. Anza kwa kuuliza kama maji yanaipokea fotoni yako. Nguvu yake utaihesabu baadaye. Ndiyo sababu taa ya zebaki ya kutibu maji ya kunywa, ile ya nanomita 254, inaharibu DNA ya bakteria na kuyaacha maji yenyewe kama yalivyo. Mstari wa 185 wa zebaki hiyohiyo, ukitumia kioo cha kwatzi kinachoupitisha, unayavunja kweli, na wanaotengeneza maji safi kupindukia wanautegemea.

Mimi kilichonitesa ni spektra, yaani mchoro wa mwanga unaomezwa kwa kila urefu wa wimbi. Nilizoea iodini, yenye mistari myembamba iliyojipanga kama meno ya kitana. Maji yakanipa kilima kipana, laini, bila jino la maana. Nikaamini mwanya unaoingiza mwanga kwenye spektromita uko wazi mno. Nikaubana. Nikaubana tena, hadi mwanga unaofika kwenye kigunduzi ukazama kwenye kelele, na kilima kikabaki kilekile. Siku nne zikaisha hivyo. Mwalimu wangu akaja, akatazama karatasi, akaniuliza: "Molekuli hii inaishi muda gani baada ya kumeza fotoni?"

Haiishi. Elektroni iliyokuwa imetulia kwenye oksijeni, isiyohusika na kushika haidrojeni, inapandishwa hadi mahali ambapo bondi ya O–H inasukumwa ifunguke. Hapo hakuna bonde la kutulia, ni mteremko mtupu. Haidrojeni inaondoka katika muda usiofika femtosekunde 50, na femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Kisichodumu hakitoi mstari mwembamba. Upana ule ni habari ya molekuli, na hakuna mwanya utakaouondoa.

Kisha jifunze kufuatilia nishati inakokwenda, kwa sababu utamu wote wa kazi hii uko hapo. Leza ya florini ya nanomita 157 inatoa fotoni ya elektronivolti 7.9. Toa 5.1, inabaki 2.8. Sehemu kubwa ya baki hilo inageuka mwendo, na kwa kuwa OH, kipande kinachobaki, ina uzito mara 17 wa haidrojeni, ni haidrojeni inayochomoka nao karibu wote. OH inabaki nyuma ikizunguka polepole, maana molekuli ilivunjika kabla pembe yake ya nyuzi 104.5 haijabadilika sana.

Sasa shuka hadi nanomita 121.6, mwanga ambao haidrojeni ya Jua inautoa kwa wingi. Mambo yanageuka kabisa. Molekuli inajinyoosha kama kiwiko kinachokunjuliwa, na inapofika kwenye mstari ulionyooka, uso wa nishati wa juu, yaani ramani ya nishati ya molekuli iliyomeza fotoni, unagusana na ule wa chini katika nukta moja. Inadondokea hapo. OH inayotoka inazunguka kwa kasi ya kushangaza, namba za mzunguko zikipita 40. Tunalijua hili kwa sababu kundi la Karl Welge kule Bielefeld, Ujerumani, lilibuni njia ya kuipandisha kila atomi ya haidrojeni kwa leza mbili hadi hali ya Rydberg, ambapo elektroni yake iko mbali sana na kiini, kisha kupima muda inaotumia kuruka hadi kwenye kigunduzi. Xueming Yang na wenzake wa Dalian, China, wameisogeza mbali sana. Ukipata nafasi ya kusoma kazi zao, tazama michoro kwanza: kila kilele ni OH yenye mzunguko wake.

Hewa ni adui. Kwenye 157, oksijeni iliyo katika milimita chache tu za hewa inameza karibu mwanga wote. Ishara ikififia ghafla, kagua viungio vya bomba la naitrojeni inayofukuza hewa kabla hujaifungua leza. Na ukisikia harufu kali ya ozoni karibu na taa ya 185, zima, fungua madirisha, toka.

Jaribio la kwanza nitakalokupa ni HOD. Utachanganya maji ya kawaida na maji mazito, yenye haidrojeni nzito, nusu kwa nusu, na takriban nusu ya molekuli zitakuwa na haidrojeni moja nyepesi na moja nzito. Kwenye 157 ile nyepesi ndiyo inayong'oka zaidi, karibu mara nne ya nzito. Siku ya kwanza hutaipata namba hiyo. Kuta za chuma za chemba zimeshika maji ya kawaida tangu ilipofunguliwa, na zinabadilishana haidrojeni na mchanganyiko wako kimyakimya. Pitisha mvuke wa mchanganyiko wako kwa saa kadhaa, vuta kwa pampu, pitisha tena, na uandike uwiano wa haidrojeni nyepesi kwa nzito kila nusu saa. Usianze kupima mpaka uwiano huo uache kusogea.