Wanaochezesha Ukumbi ni Besi na Dramu

Wiki hii nimepata ujumbe wa kijana mpiga gitaa. Bendi yao inachanganya fanki (muziki wa mdundo mzito wa kuchezeka), roki na pop, wanafanya mazoezi bila kukosa na nyimbo wanazijua barabara, lakini wakipanda jukwaani watu wanabaki vitini. Wanapigiwa makofi ya heshima, basi. Anauliza tatizo ni nini. Nilimjibu kwa kifupi, ila swali lake limenigusa pabaya, maana nimeyapitia hayo hayo.

Mimi ni mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito. Zamani tulikuwa na mpiga solo hodari kweli, mwenye vidole vyepesi kuliko mpiga gitaa yeyote niliyewahi kusimama naye. Akishaanza solo, kile kipande cha gitaa kutamba peke yake, hashikiki. Watu walioinuka kwa kiitikio wanasubiri, wanasubiri, kisha mmoja mmoja wanarudi mezani. Nilipomwomba afupishe, alinijibu mbele ya wenzetu wote kwamba besi ni kazi ya aliyeshindwa gitaa. Neno lile sijalisahau hata leo. Baadaye aliondoka, akidai tumegeuka wapiga muziki wa kitoto. Bendi aliyoiacha ndiyo hii ambayo leo inakataa mialiko kwa sababu tarehe zimejaa, na nalisema hilo kwa fahari.

Alipoondoka, mimi na mpiga dramu tulianza kufanya mazoezi wawili tu, bila gitaa wala mwimbaji. Tulikuwa tukirudia kipande kimoja kifupi mpaka jasho linatutoka. Somo lilikuwa la James Brown, mwimbaji wa Marekani, aliyewadai wapigaji wake wote waangukie kwa nguvu kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko wa mdundo. Ndivyo fanki ilivyopata uti wa mgongo katika miaka ya 1960. Ukishaliweka pigo la kwanza mahali pake, mapigo mengine unaweza kuyachezea utakavyo, msikilizaji hapotei.

Halafu kuna Larry Graham, mpiga besi wa Marekani ambaye wapiga besi tunamheshimu kama mzee wa ukoo. Alipokuwa akipiga na mama yake bila mpiga dramu, alianza kugonga nyuzi nene kwa kidole gumba badala ya dramu ya mguu na kuvuta nyembamba badala ya sneya, ile dramu ya mkono yenye mlio mkali. Kwa maneno mengine, dramu alizitia ndani ya besi. Kwa hiyo mpiga besi asiyejua mguu wa mpiga dramu wake unakanyaga wapi bado hajaanza kazi.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawaliangalii: mkono wa kushoto. Sauti ya besi lazima izimwe kabla sneya haijalia. Unalegeza vidole kidogo tu, uzi unanyamaza, sneya inapasua ule ukimya, na kiuno cha mtu kinajibu chenyewe. Ukiiacha noti iendelee kulia, mdundo unakuwa uji. Tulipolipata hili tulipiga wimbo ule ule, ukumbi ule ule, na watu wakainuka kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Roki ina nafasi yake. Sisi tunaiweka kwenye kiitikio: katika ubeti gitaa linakwaruza kwa ufupi, nyuzi zimezibwa nusu, kisha kiitikio kikiingia ndipo sauti ya kukoroma inafunguliwa yote. Ikikoroma tangu mwanzo, hamna mahali pa kupanda. Pop nayo inatupa wimbo ambao mtu ataimba na wewe hata kama leo ndiyo mara ya kwanza kuusikia. Anayedhani hayo ni mambo ya kitoto amsikilize mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen kwenye "Beat It" ya Michael Jackson, katika albamu ya 1982. Solo ile haifiki hata dakika moja, na mdundo chini yake hausimami.

Mpiga kinanda naye aondoe mkono wa kushoto kwenye sauti za chini. Huko kuna mwenyewe.

Kasi pia. Nyimbo zetu nyingi ziko kati ya mapigo 100 na 120 kwa dakika, na mpiga dramu ana metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, sikioni, kwa sababu shangwe za watu humfanya mtu akimbie bila kujijua. Wimbo ukiisha dramu hazinyamazi. Mwimbaji akitaka kusalimu, asalimu juu ya mdundo. Ukimya wa kurekebisha nyuzi ndio unaorudisha watu vitini, na kuwainua tena ni kazi mara mbili.

Wanamuziki wenzangu, acheni kupanda jukwaani kutafuta sifa zenu. Yule aliyekuja amechoka na kazi ya wiki nzima hakuja kuhesabu noti zako. Amekuja kucheza. Kumnyima hilo kwa sababu unataka uonekane fundi ni kumdhulumu, na mimi sitapiga tena na mtu wa namna hiyo hata awe hodari kiasi gani.

Kwako kijana uliyeniandikia: onyesho lijalo mwombeni mtu arekodi video, lakini kamera iwatazame watu, si nyinyi. Mkiitazama mtaona sekunde ile ile ambayo mtu wa kwanza aligeuka kurudi kukaa. Sikilizeni bendi ilikuwa inafanya nini wakati huo, na kipande hicho mkikate.