Mzee aliyerudi hayumo kwenye orodha ile

Mwanangu,

Huku hatujambo. Umeuliza kwa nini wazee wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza la Afrika Mashariki) mnaowaandikia ubao wa Siku ya Mashujaa, 25 Julai, hamwaoni mkiwatafuta kwenye kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kama familia zinawadanganya.

Hazidanganyi. Kwa Vita vya Pili vya Dunia Tume huorodhesha waliokufa tu, tangu 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Mzee aliyerudi mzima kutoka Burma (sasa Myanmar) akalima mihogo mpaka uzeeni hawezi kuwamo. Basi wekeni madaftari mawili, la waliofia vitani na la waliorudi.

Waliofia vitani watafuteni kwa namba ya jeshi kwanza. Karani aliandika alivyosikia: r ikawa l, jina la baba likapachikwa baada ya “s/o”, yaani “son of”, mwana wa. Bila namba, jaribuni tahajia tatu nne, kisha jina la baba peke yake. Asiye na kaburi hutajwa kwenye mnara. Wapiga mizinga waliozama na meli ya Khedive Ismail, 12 Februari 1944, majina yao yako kwenye mnara wa Nairobi, Ngong Road; ya wengi waliopotelea Burma yako Taukkyan, karibu na Yangon.

Kwa waliorudi, ulizieni cheti cha kuachishwa jeshi. Aghalabu kimo sandukuni pamoja na nishani. Nyota ya Burma ina pembe sita na utepe wa buluu iliyokoza, mstari mpana mwekundu katikati, na mwembamba wa rangi ya chungwa kila upande. Kwa kawaida haikuchorwa jina, kwa hiyo peke yake haithibitishi mwenyewe ni nani. Msiing'arishe kwa Brasso, ile dawa ya kusugulia shaba. Na karatasi isitoke nyumbani kwa watu: ipigeni picha pale pale mlangoni, kwenye mwanga, mbele na nyuma.

Makaburini, maji na brashi laini vinatosha. Siki, ndimu na dawa ya choo hula marumaru na teraso. Brashi ya waya hufuta hata herufi zilizobaki. Maandishi yakififia, nendeni jua likiwa chini au mulikeni tochi kwa ubavuni, kivuli kitajaa kwenye michoro. Chaki na unga hapana.

Ubaoni jina liandikwe familia inavyolitamka, na lile la karani chini yake kwa herufi ndogo, pamoja na namba.

Mama yako