Mume wangu anachangia harusi za watu, mtoto amerudishwa kwa ajili ya ada

Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya binafsi mjini Morogoro, nina umri wa miaka 34, na mume wangu ni fundi umeme. Tuna miaka minane ya ndoa na watoto wawili. Mwezi uliopita mtoto wetu wa darasa la tatu alirudishwa nyumbani na barua ya kudaiwa ada ya shilingi 280,000, na jioni ileile nikagundua kwamba mume wangu ameahidi shilingi 300,000 kwa harusi ya mtoto wa baba yake mdogo huko Dar es Salaam. Hiyo ni harusi ya tano anayochangia mwaka huu. Nilipomuuliza, alitoa sandukuni daftari la michango ya harusi yetu akaniambia, "Hawa ndio waliotuozesha." Nililifungua: huyo baba mdogo alitoa 50,000. Mdogo wangu wa kike naye ana sendofu mwezi Desemba, nami nimekopa 400,000 kwenye kikoba ili nisiaibike, na mume wangu hajui. Je, nimkataze kuchangia? Nijitoe kwenye makundi yote ya WhatsApp? Na hiyo sare ya sendofu ya shilingi 65,000, ni lazima niinunue?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi uliyoipitisha haraka kuliko zote, ile ya mkopo wa kikoba. Nitairudia, kwa sababu nadhani hata wewe ulijua kwamba nitairudia. Lakini kwanza niseme neno la kumtetea mumeo kidogo, maana katika barua yako amebaki mkosaji peke yake.

Mumeo hakosei anaposema kwamba watu wale ndio waliowaozesha. Harusi za kwetu siku hizi hazilipwi na wazazi wawili wala na mshahara wa bwana harusi. Zinalipwa na kamati, na kamati ni watu walioacha shughuli zao jioni sita au saba, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakataja ahadi zao mbele ya mwenyekiti na mweka hazina. Siku yenu mlikula, mkapigwa picha na kukata keki kwa fedha za watu hao. Ukijitoa kwenye makundi yote kwa usiku mmoja, hutakuwa umeokoa fedha tu, utakuwa umewaambia watu wote hao kwamba mlikuwa mnawahitaji kwa siku moja. Wao ndio watakaokuja kukesha nawe ukifiwa. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, ingawa makundi ya harusi za watu usiowajua hata kwa sura unaweza kuyaaga leo hii bila kuomba radhi.

Anachokosea mumeo ni namna anavyolisoma daftari. Mimi ninalo la kwangu, daftari la kaunta lenye jalada gumu, wino wake umefifia hadi kuwa rangi ya zambarau, na ukurasa wa tatu kuna jirani mmoja ambaye mbele ya jina lake hapakuandikwa fedha. Pameandikwa "kuku wawili, mchele kilo tano, na atalaza wageni wanne". Deni la jirani huyo sikulilipa kwa fedha. Binti yake alipojifungua kwa upasuaji nilikaa naye hospitali siku tatu, na siku ya nne yule mama aliniambia niende nyumbani nikalale. Hadi leo hakuna kati yetu anayejiona anamdai mwenzake. Daftari ni kumbukumbu ya majina, mwanangu, na deni lililomo ni la mtu yule aliyeandikwa, pamoja na watoto wake. Halimpi haki kila mwenye namba yako ya simu kukutumia kadi ya mchango na kukuhesabu kuwa mdaiwa.

Sasa hebu tujiulize: katika harusi tano za mwaka huu, ni ngapi zina jina ndani ya daftari lile? Ya baba mdogo imo, na hiyo ni lazima mwende kwa heshima. Hizo nyingine nne sizijui, lakini nina mashaka nazo, kwa kuwa nimeona wanaume wengi wakichangia harusi ya mpwa wa mtu waliyefanya naye kazi miezi mitatu, kisha wakarudi nyumbani kusema kwamba wanalipa fadhila.

Tena hata kwa baba mdogo, kiasi chenyewe kina maneno. Alitoa 50,000 miaka minane iliyopita. Bei zimepanda, na adabu inataka urudishe zaidi ya ulichopewa, basi 100,000 ni mchango wa kutajwa bila kuinamisha kichwa. Hizi 300,000 zimetoka wapi? Bila shaka zimetoka kikaoni. Aliyetangulia alisema 250,000, watu wakapiga makofi, na mumeo aliposimama hakuweza kushuka chini ya pale. Mashindano haya si ya leo. Karne iliyopita vikundi vya akina mama waliocheza ngoma ya lelemama kule Mombasa vilishindana kwa mavazi na karamu hadi vikalaumiwa kwa kutapanya mali, na katika pwani yote mcheza kwao hutunzwa, tena hutunzwa mbele za watu, noti ikiwa juu kila mtu aione. Kilichoongezeka ni simu. Zamani ahadi yako iliwahusu wale waliokaa nawe, na mchango ulidaiwa mpaka pale miguu ya mdai ilipoweza kufika. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, mtu wa Mwanza anaweza kukudai uliye Morogoro kabla hujanywa chai, na orodha ya waliolipa na wasiolipa husambazwa kila asubuhi kwa watu zaidi ya mia. Aibu ile ya kikaoni sasa inaamka nawe kila siku, na sishangai kwamba mumeo anaikimbia kwa fedha za ada.

Ahadi hupunguzwa. Neno hilo "kupunguza ahadi" watu hulitumia wanapolipa kidogo kidogo, lakini kiasi chenyewe pia hupunguzwa, na mweka hazina yeyote mwenye uzoefu hukata kimoyomoyo sehemu ya ahadi zote kabla ya kulipia ukumbi. Kinachomwumiza ni mtu anayenyamaza hadi wiki ya harusi halafu akazima simu, kwa sababu chakula kilishaagizwa kwa hesabu iliyomjumlisha. Mumeo ampigie baba yake mdogo, asiandike kwenye kundi, amwambie: "Baba, niliahidi laki tatu kwa mapenzi, lakini mtoto amerudishwa shule. Laki moja naituma mwisho wa mwezi huu, na mimi mwenyewe nitakuja siku mbili kabla kuangalia umeme na taa za ukumbini." Fundi umeme kwenye harusi ni mchango mkubwa kuliko anavyodhani. Ni nani asiyeijua harusi iliyokatikiwa umeme wakati wa keki?

Lakini kabla hujamfundisha mumeo maneno hayo, una ya kwako ya kusema. Wewe umekopa 400,000 kwa siri kwa ajili ya shughuli ya kwenu, naye ameahidi 300,000 kwa siri kwa ajili ya shughuli ya kwao. Nimejaribu kuona tofauti sikuipata, isipokuwa kwamba deni lako lina riba, na wanakikoba wenzako, hisa zao zikikaa muda mrefu bila marejesho, watakuja kubisha hodi mlangoni kwako mumeo akiwa sebuleni. Ungemkataza leo, kisha hilo likajulikana mwezi ujao, usingekuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo anza na lako. Usianze na ada, usianze na baba mdogo. Chagua jioni asiyokuwa na kazi, watoto wamelala na hakuna shemeji aliyelala chumba cha pili, umwambie: "Mume wangu, nimekopa bila kukuambia kwa sababu niliogopa kuaibika, nami nadhani wewe uliahidi bila kuniambia kwa sababu hiyohiyo." Kisha mwombe alitoe daftari mlisome pamoja. Mliyemrudishia pigeni alama. Ambaye hamjamrudishia andikeni pembeni ana watoto wangapi wa kuoa na kuolewa, mpate kujua yajayo. Wasiomo humo watapata kile kitakachobaki baada ya ada, na kama hakuna kilichobaki watapata pongezi. Mkubaliane pia kwamba kuanzia sasa hakuna kati yenu anayetaja kiasi kikaoni siku ileile; jibu liwe "nitawasiliana na mwenzangu", nalo ni jibu ambalo hakuna mwenyekiti atakayelipinga. Misiba msiiweke kwenye hesabu hii, rambirambi haina kikao.

Ujue pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe na watoto wake kulingana na uwezo wake. Nimekutajia ulijue, si umtupie, kwa maana mke anayeanza mazungumzo kwa kifungu cha sheria ameshafungua kesi. Akikataa kabisa kukusikiliza, waendee wasimamizi wenu wa ndoa, hasa yule baba, amwite mumeo peke yake. Usimpelekee mama yako. Kwa sasa yeye anapanga sendofu, ana maslahi.

Kuhusu mtoto, hilo halisubiri mazungumzo yenu yafike mwisho. Jumatatu asubuhi nendeni wote wawili kwa mhasibu wa shule na nusu ya ada mkononi, mwandikishane tarehe ya nusu iliyobaki. Shule nyingi za binafsi hupokea kwa awamu mzazi anapotokea mwenyewe, na mtoto hukaa darasani siku hiyohiyo.

Na sare: wewe ni dada wa bibi harusi, utaivaa, huna pa kukwepea. Ila omba upewe kitambaa tu ukashonee kwa fundi wa mtaani kwako, na watoto wavae nguo zao za sikukuu. Kama zile 400,000 bado hujazikabidhi kwenye kamati, rudisha nusu yake kwenye kikao kijacho cha kikoba, kabla fundi hajakupima.